Mabati ya Laini ya Juu

Wanawake wa laini ya juu, safu ya nyumba za wachuma chai, walikuwa wamekwisha kufunga magunia viunoni na kujipaka sabuni miguuni ili ruba wasiwashike, ndipo mnyapara Suppaya akawaambia waweke makapu chini. Walidhani anatania. Lakini Suppaya hakuwa mtu wa utani, na asubuhi ile hata fimbo yake hakuja nayo. Mnyapara asiye na fimbo mkononi ana neno zito kifuani.

Akasema wangoje, meneja anakuja kusema nao mwenyewe. Wakangoja kwenye kibanda cha mizani, ukungu umefunika mlima mzima hata michai ya mstari wa tatu haionekani. Pakkiyam alikuwa mbele, ndiyo nafasi yake. Alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, mwenye maneno machache na mikono mepesi, na katika shamba lote la Dunmorrick hapakuwa na mtu aliyependa kugombea naye mstari. Nyuma yake alisimama jirani yake Mariyayi, mjane mwenye ulimi wa pilipili, ambaye walikuwa wamenuniana kwa sababu ya kuku tangu sikukuu ya mavuno.

Meneja Wijekoon alikuja na magari mawili. La kwanza lake, la pili la wageni kutoka Kolombo: bwana mmoja aliyevaa kofia ya ukindu, na binti mmoja wa suruali nyeupe aliyekuwa akikanyaga matope kwa vidole kama kuku aliyelowa. Wanawake walimjua meneja wao. Akiwa na habari njema huzungumza Kiingereza, akamwachia Suppaya atafsiri na kuongeza chumvi. Siku hiyo alizungumza Kitamil chake cha kuungaunga, na kabla hajamaliza sentensi ya kwanza kila mmoja alijua pameharibika.

Alisema chai ya mlimani imezeeka, hairudishi hata gharama ya mbolea. Kampuni imewakodisha watu wa hoteli upande wote wa juu, pamoja na jumba la zamani la wazungu litakalokuwa hoteli yenyewe, kwa miaka mingi. Michai itang'olewa. Laini itabomolewa pia, maana pale zilipo nyumba zao ndipo penye mandhari nzuri kuliko pote. Wao watajengewa nyumba nyingine bondeni, karibu na mto, mpango ukikamilika. Kwa sasa kila nyumba itapewa kifuta jasho, na wenye ndugu waende kwa ndugu.

Sauti moja nyuma ikauliza kazi inakwisha lini.

"Jana," meneja alisema.

Hakukusudia ukatili. Alikuwa na maana kwamba siku ya mwisho ya malipo ilikuwa jana. Lakini neno lile liliwapiga kama kofi la mtu uliyempa mkono kumsalimia. Hakuna aliyelia. Pakkiyam alijiona amelishika kapu lake kwa mikono miwili, hakumbuki ameliokota saa ngapi.

Kisha binti wa suruali nyeupe akasogea. Akaeleza kwa tabasamu, Suppaya akitafsiri, kwamba michai michache itaachwa mbele ya baraza la hoteli, na watahitajika wanawake kadhaa wa kusimama pale na makapu, sari za rangi moja, wageni wakitaka kuwapiga picha. Mshahara wa mwezi, chakula juu ya hoteli. Akaanza kupita mbele ya mstari akiwatazama nyuso, mmoja mmoja. Alipomfikia Pakkiyam akamshika mkono, akaugeuza, akaona utomvu wa chai ulioganda kwenye nyufa za vidole hata vikawa vyeusi kama vya fundi wa magari. Akauachia taratibu. Akamwambia Suppaya kitu, na Suppaya hakukitafsiri.

Aliyemchagua wa kwanza alikuwa Thayalini, bintiye Pakkiyam, msichana wa shule aliyekuwa amekuja tu kumletea mama yake chapati aliyoisahau. Thayalini akasema yeye hajui kuchuma chai.

"Haidhuru," Suppaya alitafsiri, macho chini. "Anasema haidhuru kabisa."

Thayalini akamtazama mama yake, akamwekea ile chapati mkononi, akageuka akaenda zake shuleni.

*

Hawakuondoka kibandani. Waliketi kuzunguka mizani siku hiyo na siku zilizofuata, wakipokezana kwenda kupika. Karani wa kampuni alipanda kila asubuhi na mkoba wake, akawasihi waje kuchukua kifuta jasho wasaini yaishe. Pakkiyam, ambaye hakuwa msemaji, ndiye aliyemjibu.

"Jasho lenyewe halijakauka bado," alimwambia. "Utalifutaje?"

Neno hilo lilishuka mlima lenyewe. Kufika jioni lilikuwa linasemwa dukani, hekaluni na hata kiwandani, na Mariyayi, ambaye hakuwa amemsemesha kwa miezi, alimgeukia akamwambia kwamba leo ndiyo mara ya kwanza amemsikia akisema kitu cha maana. Kwa Mariyayi hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Jioni ya Ijumaa wakaenda hekaluni kwa mungu wao wa kike, Mama Mariamma, wakawasha kafuri kwenye sinia la shaba, na Pakkiyam akapita nalo mbele ya kila mmoja. Kila mmoja akapitisha kiganja juu ya mwali, akala kiapo: hakuna nyumba itakayokubali peke yake. Wale waliochelewa, Pakkiyam aliwafuata majumbani na sinia lake, mlango kwa mlango. Alipofika mlangoni kwake mwenyewe, mumewe Ramaya alikuwa ameketi kizingitini anavuta biri, sigara ya jani. Alisema mkono wake una majivu, atakuja kuapa baadaye. Pakkiyam akapita. Mtu huapisha watu wa nje, wa ndani humhesabu tayari.

Ramaya alikuwa mkataji wa michai zamani, mtu wa kisu, mpaka kisu kile kilipomkata yeye mshipa wa mkono wa kulia. Tangu hapo alifanya vibarua alivyopewa: kuchoma takataka, kufagia barabara ya gari la meneja. Nyumba iliishi kwa vidole vya mkewe. Hakuwa mlevi wala mkorofi. Alimtunza mama yake, bibi kizee Sellamma, kwa upole ambao wanaume wengine wa laini waliucheka. Alimbeba nje kuota jua, alimchana nywele. Watu walipomtaja walisema "bwana wa Pakkiyam," na yeye aliitika.

*

Wabomoaji walikuja mchana, na lori na ngazi mbili. Wanawake walikimbia kutoka kibandani wakasimama kila mmoja mlangoni kwake, kama walivyokuwa wamepatana. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mariyayi. Alisimama mikono kiunoni, amejiandaa kwa matusi ambayo wangeyakumbuka hadi uzeeni. Lakini wanaume wale wakampita bila hata kumtazama. Wakampita na wa pili, na wa tatu. Wakaegemeza ngazi kwenye ukuta wa Pakkiyam.

Pakkiyam akacheka. Aliona aibu kwa niaba yao.

"Mmekosea nyumba, kaka zangu."

Msimamizi wao akamuuliza kama hii si nyumba ya Ramaya wa Veeran. Akasema ndiyo. Msimamizi akasema basi hawajakosea. Mwenye nyumba amekubali tangu wiki iliyopita, fedha amepokea. Alisema hayo kwa adabu kabisa, kama mtu anayemweleza mgeni njia, na kijana wake alikuwa amekwisha kupanda.

Kelele ya misumari ikianza kung'oka, Pakkiyam akakumbuka mama mkwe yuko ndani. Akaingia mbio. Bati la kwanza likainuliwa wakati huohuo, na mwanga ukaanguka chumbani kwa kishindo. Chumba kile kilikuwa hakijawahi kuona jua. Masizi ya miaka yote yalimwagika juu ya kitanda, juu ya vyombo, juu ya picha za miungu. Bibi Sellamma, aliyekuwa amelala, akavuta shuka haraka akajifunika uso na kifua, kama mwanamke aliyekutwa na wanaume akioga.

"Nani huyo?" aliuliza chini ya shuka. "Nani anachungulia?"

Pakkiyam akapanda kitandani akasimama juu yake, mguu huku na mguu huku, akanyoosha mikono juu kama anayeweza kulizuia anga. Mabati yakaendelea kutoka, moja baada ya jingine, mpaka akabaki amesimama hivyo chini ya mawingu.

Alipotoka nje, akina mama wote walikuwa wamesimama pale pale milangoni mwao. Hawakumtukana. Mariyayi peke yake ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini isiyo yake.

"Sinia la kafuri ulilishika wewe, dada."

*

Ramaya alipanda njia lori lilipokwisha kushuka na mabati. Alikuwa amevaa shati lake la hekaluni. Pakkiyam alimsubiri ndani, maana nje palikuwa na macho, ingawa ndani na nje sasa palikuwa mamoja.

Hakukana. Alisema kwamba karani alimwita pembeni akamuuliza mwenye nyumba ni nani, naye akasema ni yeye, na kweli ni yeye; ndivyo ilivyoandikwa tangu enzi ya baba yake. Alisema waliahidiwa chumba bondeni kabla ya wengine. Alisema alidhani wabomoaji wangeanza laini ya chini, apate muda wa kumweleza. Alisema mengi, na Pakkiyam akawa anayasikia kama redio ya jirani. Mwisho akafikia lenyewe: watu wa hoteli wamempa kazi ya ulinzi getini. Kazi ya kusimama tu, haihitaji mkono. Sare na buti, na mshahara wa mwezi kwa jina lake.

"Nimechoka kuitwa bwana wa Pakkiyam," alisema.

Pakkiyam alimtazama huyu mtu aliyelala naye tangu ana miaka kumi na tisa.

"Na sasa utaitwa nani?"

Ramaya akatoa bahasha ya kifuta jasho mfukoni, akaiweka kwenye kinu. Ikakaa pale mpaka jioni, hakuna aliyeigusa, wala Thayalini aliyekuwa na ada ya mtihani ya kulipa. Ramaya alijaribu kumwinua mama yake ambebe bondeni, na bibi kizee, ambaye alikuwa amesikia yote chini ya shuka, akashika mbao za kitanda. Akamwambia atangulie kwanza akaone kama huko kuna paa. Basi Ramaya akachukua bahasha yake akashuka, na tangu siku hiyo alilala kwenye kibanda cha walinzi.

*

Pakkiyam alifunga turubai juu ya kitanda cha mama mkwe kwa kamba za makapu. Wao wawili, yeye na Thayalini, walikaa pembeni. Kwenye bomba la maji wanawake walimpisha bila neno, wakasogeza ndoo zao kama mtu anavyosogea mbele ya mwenye ndui. Alikwenda kuketi kibandani kwenye mizani kama zamani, na waliokuwa wameketi wakainuka, mmoja akisema ana jungu motoni, mwingine mtoto analia. Siku ya tatu hakwenda tena. Alikaa ndani ya kuta zake nne akawa anasikia sauti zao, na alipozisikia zikicheka alidhani wanamcheka yeye, na pengine ni kweli.

Kiapo kilikuwa kimekwisha kuvunjika, na kikivunjika sehemu moja hakikai. Karani alijua pa kupita. Hakuhangaika tena na wanawake. Aliwaita waume zao dukani, mmoja mmoja, akawanunulia sigara, akawauliza mwenye nyumba ni nani. Kila baada ya siku mbili lori lilishuka na vitanda na kuku. Mwishowe laini ya juu ilibaki na nyumba chache zenye mapaa, na mtu angezitazama angeona zote zina jambo moja. Zilikuwa za wajane, na za wanawake walioachwa. Humo karani hakupata mwanamume wa kumuuliza.

Kisha ikaja mashine ya kung'oa. Pakkiyam alitoka kuitazama asubuhi ya kwanza, akadhani atahimili. Ile mashine ilikuwa inaingiza meno chini ya mchai, inauinua mzima, inautikisa, inautupa. Alikuwa ameyashika majani yale tangu usichana wake na hakujua kama chini yana mizizi minene namna ile, mirefu kuliko mtu, yenye rangi ya nyama. Ilining'inia hewani ikidondosha udongo. Alijikuta ameketi chini njiani. Alitaka kumwambia mtu, na hapakuwa na mtu.

Mvua kubwa ilianza wiki hiyo. Turubai lilijaa maji likapasuka katikati, na bibi Sellamma akalowa yeye na godoro lake. Walikuwa wanahangaika kumkausha, ndipo mlango ukajazwa na Mariyayi mwenye gunia kichwani. Hakumtazama Pakkiyam. Alisema na kizee.

"Shangazi, huyu mkwe wako hana akili. Panda mgongoni."

Akambeba mwenyewe mpaka kwake, akamlaza kando ya jiko. Pakkiyam alisimama nje ya mlango wa Mariyayi na ndoo ya vyombo, mvua inampiga, hajui kama amealikwa. Kwa muda mrefu alisikia vijiti vikivunjwa na moto ukipulizwa. Halafu sauti ya Mariyayi ikamuuliza kutoka ndani kama anangoja apigiwe ngoma.

Bibi kizee hakupona kifua kile. Alikohoa kwa wiki nzima, na kati ya kikohozi na kikohozi alizungumza na Mariyayi juu ya kuku, akamwambia kwamba kosa lilikuwa la jogoo. Asubuhi moja aliomba chai ya maziwa, yenye sukari nyingi. Akainywa nusu. Akasema wamlaze karibu na mumewe Veeran, kule juu kwenye mikalitusi, mahali ambapo watu wa laini walizika tangu babu zao walipoletwa na meli. Kisha akamrudishia Pakkiyam kikombe, na Pakkiyam alipogeuka kukiweka chini, mama mkwe alikuwa ameondoka.

*

Walimtuma Thayalini getini akampe baba yake habari. Alirudi akasema amemwambia, naye baba amesikia, akakaa chini. Wakangoja. Mtoto wa kiume ndiye atoaye maji, ndiye anyolewaye, ndiye aongozaye. Jua likapanda, Ramaya hakuja.

Kwa desturi yao mwanamke humsindikiza maiti hadi njia panda akarudi. Makaburini ni kazi ya wanaume. Lakini wanaume walikuwa wameshuka na malori. Wapiga ngoma wawili walipatikana kiwandani, wa kubeba hawakupatikana. Mariyayi akazifunga ncha za sari yake kiunoni, akaingiza bega chini ya mwanzi wa jeneza, akawauliza wenzake wanatazama nini. Kapu la chai lililojaa siku ya mvua, alisema, lilikuwa zito kuliko huyu bibi. Pakkiyam akashika mbele, upande wa mwana. Wakampitisha mlango kwa mlango, wakapita njia panda, na hakuna aliyerudi.

Geti la hoteli, lililoziba sasa njia ya makaburini, lilikuwa jipya, la chuma, limepakwa kijani. Ramaya alikuwa amesimama nyuma yake katika sare ya kahawia iliyokatwa kwa ajili ya mtu mnene. Ngoma zikasogea mpaka kwenye chuma. Hakufungua.

Pakkiyam alimwambia kwa utulivu, kama anayemwambia apishe ndoo.

"Fungua. Mama yako anapita."

Ramaya alishika nondo za geti kwa mkono ule mzima.

"Rudini," alisema. "Nawaomba. Mpelekeni mjini."

Mariyayi akamtolea yale matusi aliyokuwa ameyaweka tangu siku ya mabati, yote, bila kuondoa bega chini ya mwanzi. Alimtaja na buti zake. Ramaya aliyapokea kama mvua. Pakkiyam alimtazama akaona kwamba huyu mtu hafanyi hivi kwa hofu ya kufukuzwa kazi. Alimjua. Akauliza kama wamemkataza.

"Hawajanikataza."

"Basi nini?"

Ramaya aliziachia nondo za geti.

"Hapapo tena," alisema. "Makaburi. Hapapo."

Wapiga ngoma wakaacha, mmoja kwanza, halafu mwenzake.

Alisema walisawazisha wiki ile ya mvua. Mikalitusi waliikata, wakamwaga kokoto, ndipo sasa magari ya wageni yanapoegeshwa. Alisema aliwaambia hapa kuna watu, akawaonyesha, hapa fulani na hapa fulani, na dereva wa mashine akazima injini kwa muda, akapiga simu, akawasha tena. Wakamletea kikombe cha chai, naye akainywa. Alikuwa amesimama palepale na kikombe. Hakuja msibani asubuhi kwa sababu hakujua aseme mwili uelekezwe wapi.

"Na baba?" Pakkiyam aliuliza.

"Na baba."

Wakasikia, ng'ambo ya geti, wageni wawili waliotoka barazani na vikombe vyao mkononi. Mmoja, mama mwenye mvi, aliona maua na ngoma na wanawake waliojipanga, akainua simu akapiga picha, kisha akaunganisha viganja akawainamia kwa heshima. Hakuna aliyemwinamia.

Wengine walikuwa wameanza kulia. Pakkiyam hakulia. Alihisi uzito wa mwanzi begani na akawa anafikiria mahali. Bondeni nyumba hazijajengwa. Mjini huzikwa kwa cheti, na kwa fedha, na kati ya watu wasiojua jina lako. Kila kipande cha ardhi alichokumbuka kilikuwa cha mtu. Akageuka, na wenzake wakalazimika kugeuka naye, kwa maana walibeba kitu kimoja.

"Turudi nyumbani," alisema.

Mariyayi alidhani ni nyumbani kwake, kando ya jiko. Lakini Pakkiyam aliwapitisha pale, akaingia katika chumba chake kisicho na paa, wakamfuata wakijibana mlangoni, wakaliteremsha jeneza penye mwanga. Akaonyesha sakafu, mahali kilipokuwa kitanda.

"Hapa."

"Ndani ya nyumba?" Mariyayi aliuliza. Hata yeye alishtuka.

"Aliletwa hapa akiwa bibi harusi. Tumzike wapi kwingine?"

Wakatazamana. Kisha mmoja akaenda kutafuta sururu. Saruji ilikuwa nyembamba, udongo chini yake mwekundu na mlaini. Walichimba kwa zamu, sari zimefungwa, na kazi ilikuwa ngumu katika chumba kidogo. Mariyayi alikuwa shimoni hadi magotini ndipo kivuli kilipoanguka juu yake. Alikuwa Ramaya. Kofia ameivua, geti ameliacha wazi. Alinyoosha mkono kwa sururu, na Mariyayi akamtazama Pakkiyam, na Pakkiyam akatazama pembeni, hakukataa wala hakukubali. Ramaya akashuka. Alichimba kwa mkono mmoja na nusu, buti mpya zikizama, mpaka shimo likafika kina cha mtu. Hakuna aliyemsukuma na hakuna aliyemshukuru. Alimmwagia mama yake maji. Walimlaza.

*

Suppaya alipanda jioni ile akasema jambo hili haliruhusiwi, si na kampuni wala na serikali. Alisimama mlangoni akiyasema hayo, kisha akaona udongo, akavua viatu. Kesho yake alikuja askari mwenye cheo, akauliza ni nani ameleta fujo, akaona wanawake wanachambua mchele. Akasema yeye ameitiwa fujo na fujo hakuiona.

Wabomoaji walirudi baada ya matanga. Msimamizi aliingia peke yake, akakuta taa ya mafuta na maua ya manjano juu ya tuta katikati ya chumba. Akatoka akawaambia vijana wake wapakie ngazi. Yeye ana watoto, alisema. Havunji nyumba yenye mtu. Kampuni ilitafuta wengine, nao wakatazama ndani wakaondoka. Kuta za laini zile zimeshikana, huwezi kuvunja moja ukaacha ya pili. Basi zile nyumba chache zikabaki, na zingalipo.

Kazi haikurudi. Mlima ukapandwa nyasi. Pakkiyam na Mariyayi na wenzao hushuka bondeni alfajiri kupalilia karoti na liki katika mashamba ya watu, siku wakihitajiwa. Thayalini alifanya mtihani wake kwa fedha zilizochangwa na wajane. Wageni wa hoteli wakiuliza kile chumba kisicho na paa chenye taa ni nini, huambiwa ni hekalu la kale, na wengine huweka sadaka mlangoni. Mariyayi huichukua akanunulia mafuta ya taa ile, na kwa chenji hujinunulia tambuu.

Ramaya alifukuzwa siku ileile, kwa kuacha geti. Sare waliichukua, buti akabaki nazo. Hulala anapopata, kwenye kibanda cha mizani au jikoni kwa mpiga ngoma, na jioni hupanda kuwasha taa ya mama yake. Pakkiyam hamzuii. Wakati mwingine humwachia chapati chini ya sinia, hamwambii ipo.

Jioni moja Ramaya alimkuta anasugua udongo wa karoti kwenye vidole. Akakaa kizingitini, mahali pake pa zamani. Akamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyeliwaza jambo kwa siku nyingi, yeye akifa watamzika wapi.

Pakkiyam hakuinua kichwa.

"Kwanza tafuta pa kulala," alisema.